Nani Aliyewasha Taa za Pate?

 

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Lamu au Mombasa, Tanga au Unguja, huenda hujapata kulisikia jina la Makongolosi. Ni mji wa wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya, katika nchi ya Lupa ambako wazungu walianza kutafuta dhahabu katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watu wakamiminika kutoka kila upande. Hata leo riziki kubwa ya mji ni hiyo. Mchana na usiku zasikika karasha zikivunja mawe, na kwenye mialo wako watu wameinama wakiosha mchanga. Wamo hapa Wasafwa na Wanyakyusa, Wakimbu na Wabungu, Wanyiha na Wasukuma, na sisi wachache tuliotoka Pwani. Yuko mwenye duara, yuko mwenye karasha, na yuko kijana ashukaye shimoni kwa kamba asijue kama atapanda. Wote hao nawaona katika safu moja msikitini, na wakishatoa salamu kila mmoja hurudi mahali pake.

Mimi nasomesha hapa. Baada ya Isha huwa tuna darsa ya watu wazima, na usiku mmoja katika juma huiweka fiqhi pembeni nikawasomea tungo za wazee wetu, kwani naamini shairi jema hulainisha moyo uliokauka. Usiku mmoja nilikuwa nawasomea Al-Inkishafi. Utungo huu niliusoma nikiwa kijana madrasani, na kila niusomapo sauti yangu hubadilika. Nikawaeleza zile nyumba za mabwana wa Pate, taa zilivyokuwa ziking'aa humo hata usiku ukafanana na mchana, na vyombo vya China vilivyopangwa katika madaka ya ukuta. Kijana mmoja, ambaye hufika darsani na vumbi la mawe lingali masikioni mwake, akainua mkono. "Samahani, Sheikh," akasema, "hizo taa nani alikuwa akiziwasha?"

Wenziwe wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia shairi lile si la mambo ya taa, ni la mauti, na asikilize asikatize. Akainamisha kichwa, na darsa ikaendelea.

Nilipokuwa nasali Witri usiku ule, sura iliyonijia ulimini ilikuwa Abasa. Msomaji waijua sababu ya kushuka kwake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akajiwa na Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu, na swali lake, na Mtume akakunja uso, na Mola wake akamfunza. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alifunzwa kwa ajili ya mnyonge mmoja mwenye swali, mimi ni nani? Nikarudi katika vitabu vyangu na swali la yule kijana, nikaliuliza kwa kila utungo niupendao. Niliyoyaona ndiyo nikuleteayo.

Nitaanza na Al-Inkishafi yenyewe. Mtungaji wake ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa ukoo wa Masharifu, mtu wa Pate, na alitunga wakati Pate ilipokuwa imekwisha kuporomoka. Mji ule ulikuwa na bandari na biashara na usultani wake. Vita vya ndani viliudhoofisha, na kushindwa Shela mbele ya watu wa Lamu, takriban mwaka 1812 au 1813, kukauvunja mgongo. Sayyid Abdallah hasemi na watu, asema na moyo wake mwenyewe. Auonya usihadaike na dunia, ambayo aifananisha na bahari iliyochafuka, kisha auonyesha magofu: popo wananing'inia walikokaa mabwana, ndege wanalea makinda katika madaka ya vyombo, na waliolala juu ya magodoro sasa wako katika kaburi finyu. Halafu awataja kwa majina baadhi ya jamaa zake na wakubwa wa mji, auliza wako wapi, na mwisho auingiza moyo katika habari za Jahannamu.

Sasa sikiliza, msomaji. Hapana mtunzi wa Kiswahili aliyewaambia matajiri maneno makali zaidi ya haya, na usinidhanie kuwa nimekuja kumvunjia heshima bwana yule. Lakini tazama usawa wake unapatikana wapi. Unapatikana kaburini. Maadamu bwana yu hai yuko juu, na akifa alingana na kila mtu. Na watazame wanaotajwa kwa majina: ni wenye nyumba. Kundi lililowazunguka wakitembea kwa maringo limo katika utungo, lakini ndani ya kundi lile hapana hata mmoja mwenye jina. Aliyekoroga chokaa ya kuta zile, aliyeteka maji, aliyezimimina mafuta taa zile akaziwasha, ana kifo kama mabwana lakini hana kilio. Sayyid Abdallah alipoulilia mji wake aliililia jamaa yake, na hilo si ajabu kwa mtu. Walakini sisi tumeusoma utungo huo miaka mia mbili tukidhani umelia kwa ajili ya wote.

Katika Utendi wa Mwana Kupona jambo hili liko wazi zaidi. Bibi yule, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858 hali yu mgonjwa, na miaka kama miwili baadaye akafariki. Ni wasia wa mama, nasi twawasomesha mabinti zetu hadi leo: dini, adabu, ulimi mwema, utii kwa mume. Katikati ya mausia hayo umo ubeti amwonyao bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, wasije wakamharibu. Nilikuwa nimeusomesha ubeti ule mara nyingi bila kusimama. Safari hii nilisimama. Katika nyumba ile ile, mama alikuwa akifunza ucha Mungu, na pembeni alikuwapo mtu mwingine wa dini ile ile, asaliye kuelekea kibla kile kile, na binti afundishwa kwamba mwenziwe huyo ni wa kutumwa tu, si wa kuzungumza naye. Hivi ndivyo uungwana ulivyokuwa: mtu hujijua ni nani kwa kujua asiyekuwa yeye. Muungwana ni yule asiye mtumwa, na mstaarabu ni yule asiye mshenzi wa bara.

Wako watakaosema, Sheikh, haya yaache, maana maadui wa Uislamu huyatumia kutupiga. Nimewahi kuyasema mimi mwenyewe maneno hayo. Sasa naona kwamba tukiyanyamazia sisi wenye dini, tumewaachia wao wayasimulie wapendavyo. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inatuambia mwenye cheo mbele ya Mwenyezi Mungu ni mchaji, wala haikuweka sharti la ukoo. Bilal (R.A.) alipopanda kuadhini alikuwa juu ya mabwana wa Makka, na walioudhika walikuwa wale waliokuwa bado hawajaufahamu Uislamu. Kwa hiyo kipimo nitumiacho kuyapima mashairi ya wazee wetu ni chetu wenyewe, hakikutoka Ulaya.

Na hapa Makongolosi mambo haya si hadithi za mbali. Katika karne ya 19 misafara ya Pwani ilifika Usangu kwa Merere ikitafuta pembe na watu, na njia za kutoka Ziwa Nyasa ziliishia Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yalikwenda Unguja. Pate ilikuwa imekwisha anguka biashara ile iliposhamiri, basi sisemi ya kwamba taa za Pate ziliwashwa na watu wa huku. Nasema tu kwamba yule kijana, alipouliza vile, alikuwa na haki ya kuuliza kuliko mimi niliyekuwa nimeshika kitabu.

Baina ya Pate na zama zetu yuko Muyaka bin Haji wa Mombasa, 1776 hadi 1840. Huyu alilitoa shairi katika mambo ya dini akalipeleka barazani na sokoni. Kwake dunia ni ya kupanda na kushuka: leo una, kesho huna, na mwenye ulimi mkali aweza kumkabili mwenye mali. Walakini "sisi" ya Muyaka ni Mvita. Alisimama upande wa Mazrui dhidi ya Sayyid Said, aliwakejeli watu wa Lamu na wa Unguja, na ugomvi wake ni wa mji na mji. Mji wake ulichukuliwa mwaka 1837, naye hakuishi sana baada ya hapo. Nampenda mno Muyaka, lakini kwa swali letu hana mengi, nami nitampita upesi. Jambo moja tu nitaje: tungo zake hazikuwekwa kitabuni na yeye. Zilikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya akimsaidia padri Mwingereza Taylor, na diwani yenyewe haikupigwa chapa hata mwaka 1940. Utungo wa sharifu ulihifadhiwa katika nyaraka za majumba, na wa mtu wa sokoni ukategemea kumbukumbu za watu. Tungo za waliokuwa chini ya hao, nani aliziandika?

Ndipo nilipomkuta mtu ambaye sikutazamia kumtaja katika kurasa hizi. Najua mtaniuliza, sheikh na nyimbo za taarabu wapi na wapi. Nivumilieni. Sina nia ya kufungua mlango wa hukumu ya ala. Nataka mtazame maneno na aliyeyasema.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake asili yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa utumwani, na jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa na sheria hadi mwaka 1897, hivyo jina lile halikuwa mzaha. Alikuwa akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akivitembeza kwa miguu na kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1911 akahamia mjini, na sauti ile ile iliyonadi vyungu ikaingia katika majumba ya wakubwa. Mwaka 1928 alivuka bahari yeye na wenziwe hadi Bombay, wakatia nyimbo za Kiswahili katika santuri. Akafariki mwaka 1950.

Alipopata jina, wivu ukazuka. Wakamtungia wimbo wa kumdhihaki, wakamkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, nguo ya weusi ya watumwa, wakauliza tangu lini naye akahesabiwa. Tazama alivyojibu. Hakudai ukoo asiokuwa nao, kama walivyofanya wengi zama zile waliojitafutia nasaba. Hakulia. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ubora wa jadi si hoja, na hasara ya kweli ni kukosa akili. Msomaji, kwa fahamu zangu, hapo ndipo mtu wa kuwasha taa alipofungua kinywa akajibu kwa jina lake mwenyewe, na jibu lake likahifadhiwa. Na jibu hilo limekaribia mafundisho ya dini yetu kuliko ule wasia wa kutochanganyika niliowasomesha mabinti za watu.

Wala hakuishia kujitetea. Uko wimbo wake uitwao Kijiti, wa kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji akatoroka akavuka bahari, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakageuziwa wao hatia. Wimbo ule wamhoji hakimu. Katika zama za mkoloni, mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa asimama mbele ya watu aseme hukumu hii si ya haki! Wakati huo huo watu waliotoka utumwani walikuwa wakiiacha kaniki na kuvaa kanga, na wanawake wao wakivaa buibui kama mabibi, wakisema nasi ni watu wa mji huu. "Sisi" ikawa pana zaidi. Haikupanuliwa na wenye nayo. Waliokuwa nje ndio walioisukuma mpaka ikawapokea.

Aliyeuandika wasifu wa Siti ni Shaaban Robert, na katika hilo naona maana. Yeye alizaliwa Vibambani, Machui, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na asili ya wazee wake ni Uyao, watu wa bara ya kusini. Alijiita Mswahili, na hapana aliyeweza kumnyang'anya. Maisha yake aliyatumia ukarani katika serikali ya Waingereza, ambapo mshahara wa mtu na cheo chake vilifuata rangi ya ngozi, na juu ya rangi alitunga zaidi ya mara moja, kwa upole, akimkumbusha msomaji kwamba rangi zote ni kazi ya Muumba mmoja. Baadhi ya vijana humwona mpole kupita kiasi. Nami zamani nilidhani hivyo. Lakini mtu aliyeandika Kusadikika mwaka 1951, chini ya pua ya serikali iliyomwajiri, hakuwa mwoga.

Lililonigusa zaidi ni lile alilosema juu ya lugha. Aliifananisha na ziwa la mama. Wengi huisoma tamathali ile kama sifa ya utamu tu. Mimi ni mwalimu wa fiqhi, nami naisoma hivi. Katika sheria yetu, watoto wawili wa damu mbalimbali wakinyonya kwa mwanamke mmoja katika miaka yao miwili ya mwanzo, manyonyo matano kwa madhehebu ya Imamu Shafii, basi wamekuwa ndugu, na ndoa baina yao ni haramu. Hapana nasaba baina yao, na undugu wao ni wa kweli. Ikiwa Kiswahili ni ziwa, basi Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkristo, aliyeacha diwani na ngonjera, ni ndugu yetu wa kunyonya. Na Mnyakyusa huyu na Mkimbu huyu walioketi jamvini kwangu ni ndugu za watu wa Pate katika lugha, kabla hata hatujataja undugu wa dini. Sayyid Abdallah asingeweza kulisema hili. Kwake Kiswahili kilikuwa cha nyumba yake.

Usidhani basi kwamba mambo yalikwisha kwa kuondoka mkoloni. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipofungwa, mwaka 1969 hadi 1972, kwa karatasi aliyoiandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Gerezani alitunga mashairi akayaandika juu ya karatasi za chooni, nayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa tuzo ya uandishi yenye jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mtunzi huyu ndiye pia aliyetunga Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, wala sioni kuwa ni watu wawili. Katika Sauti ya Dhiki limo shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Hapo aliyeko juu na aliyeko chini wametoka tumbo moja, na dhuluma haina kisingizio cha nasaba wala rangi. Na yote hayo ameyasema kwa Kimvita, si kwa Kiswahili cha shuleni, kama atakaye kutuambia kwamba mtu aweza kuishika lugha ya nyumbani kwake kwa mikono miwili na bado akamtetea asiye wa nyumba yake. Mimi niliyekulia Pwani nimepata faraja hapo, maana nilikuwa nikiogopa kwamba swali la yule kijana litaninyang'anya Inkishafi yangu.

Halikuninyang'anya. Juma lililofuata niliingia darsani, nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliomcheka, kisha nikamjibu: waliwasha watu ambao mtungaji hakuyaandika majina yao. Tukausoma upya utungo tangu mwanzo, na kila tulipofika penye kiti, kitanda, taa au ukuta, nikamwachia mmoja wao aseme kazi ile hufanywaje. Wachimbaji wanajua chokaa na mawe kuliko mimi. Darsa ilikwisha saa nne, ikabidi niwafukuze.

Tangu siku ile yule kijana anatunga. Ameniletea beti tatu za mtu aliyeko chini ya duara akisikia adhana kwa mbali, asijue kama ni ya Alasiri au ya Magharibi. Mizani zake zilikuwa zinapungua, tukaketi kuzihesabu kwa vidole. Akaniuliza kama neno karasha lafaa katika shairi, kwa kuwa halimo katika kitabu chochote nilichomsomea. Nikamwambia lina mizani tatu, alitie.